Panga za mwanga: nyeupe inayogeuka njano na taa zinazozima katikati

Barua za safari hii karibu zote ni za panga za mwanga, yaani panga bandia zinazowaka kama za filamu za Star Wars, zile zinazotumia mkanda wa taa ambazo kila moja hupewa rangi yake. Nimefurahi sana kuona kazi hii imeshika kasi Kusini.

Shikamoo fundi. Upanga wangu ukiwaka bluu uko sawa mpaka nchani. Nikiweka nyeupe, ncha inakuwa njano, karibu nyekundu. Nimeuziwa mkanda mbovu? (Shangani, Mtwara)

Marahaba, mdogo wangu. Mkanda ni mzima, umeme ndio haufiki. Kila taa ya WS2812B, aina inayotumika kwenye mikanda hii, ina vijitaa vitatu ndani: chekundu, cha kijani na cha bluu. Ukiweka nyeupe unaviwasha vyote, na taa moja inaweza kula hadi miliampia 60. Piga hesabu: mkanda wa taa 144 kwa mita, ubapa wa sentimita 90, mikanda miwili mgongo kwa mgongo. Hizo ni taa kama 260, ampia 15 na ushee! Shaba ya mkanda ni nyembamba kama karatasi, kwa hiyo volti zinapungua njiani. Kijitaa cha bluu kinataka kama volti 3, chekundu kinatosheka na 2. Volti zikipungua, bluu hufifia kwanza na wekundu unabaki.

Pitisha waya mnene wa chanya na wa hasi katikati ya mikanda, uulehemu nchani pia. Kisha shusha mwanga kwenye programu hadi nusu. Usiku hutaona tofauti kubwa. Na tafadhali usitumie betri ya laptopu iliyochoka. Nunua ya lithiamu ya saizi ya 18650 inayoweza kutoa ampia 15 mfululizo.

Upande mmoja, taa 47 za kwanza zinawaka, zinazofuata zote giza. (Mikindani)

Data hupokezanwa. Taa ya kwanza inachukua biti zake 24, yaani amri ya rangi yake, zinazobaki inampa jirani, naye vivyo hivyo. Basi mkosaji ni ya 47 iliyoshindwa kutoa au ya 48 iliyoshindwa kupokea. Kata zote mbili penye mstari wa shaba, unga kipande kipya, na mishale iliyochorwa juu yake ielekee nchani.

Ila chunguza kwanza sababu. Ubapa mmoja niliofungua, nao wa huko huko Mikindani, ulikuwa umeota ukungu wa kijani kwenye viungo, kama senti iliyookotwa mchangani. Chumvi ya bahari ilikutana na mafuta ya kulehemu ambayo hayakufutwa. Ukimaliza kulehemu, sugua kwa mswaki wa zamani na spiriti, acha pakauke kabisa, ndipo uzibe.

Bomba la plastiki gumu sijalipata. Nitumie kioo cha tubelight ya zamani? Ni ya wanangu. (Lindi mjini)

Hapana, dada yangu, kamwe. Kile ni kioo, na ndani kina zebaki. Tafuta tubelight ya LED iliyoungua yenye ganda la plastiki. Zilizoandikwa T8, ambayo ni saizi ya bomba, zina kipenyo cha inchi 1. Ndani zungushia sponji nyeupe nyembamba, ile inayofungiwa televisheni mpya, ili nukta za mwanga ziungane. Lakini ganda hilo ni la kuonesha jukwaani tu. Wakitaka kugonganisha, subiri upate bomba la polikabonati, ile plastiki ngumu, lenye unene wa milimita 2 au 3.

Babu anachonga mpingo. Mpini wake utafaa? (Newala)

Utapendeza kuliko alumini yoyote! Ila mpingo ni mzito hata majini unazama, na ukikauka haraka unapasuka. Mwombe babu achonge ganda jembamba la kuvalisha juu ya bomba la PVC, likae kivulini siku kadhaa kabla hujaingiza waya. Acha mfuniko nyuma ili betri itoke ukaichaji nje.

Nikitumia pawabenki taa zinachezacheza, nikirudi kwenye betri zinatulia. (Masasi)

Bodi yako, ile inayoziamuru taa, inatuma data kwa volti 3.3. Taa iliyopewa volti 5 za pawabenki huihesabu data kuanzia asilimia 70 ya volti hizo, yaani 3.5, kwa hiyo inabahatisha. Kwa betri ya 3.7 kiwango hicho kinashuka hadi 2.6. Baki na betri, na uweke rizista ya omu 470 kwenye waya wa data, karibu na taa ya kwanza.