Injini Inarudisha Moto Kupitia Kabureta: Je, Ninunue Kabureta ya Tatu?

SWALI: Gari langu lina injini ya petroli ya silinda 4. Tangu kichwa cha injini kilipofunguliwa na valvu kusagwa, miezi miwili iliyopita, injini hurudisha moto kupitia kabureta kila ninapokanyaga mafuta kwa nguvu, na hali huzidi ikishapata joto. Fundi alitanua jeti (vitundu vya kabureta vinavyopitisha petroli), kisha akanibadilishia kabureta na kutanua jeti za hiyo pia, na sasa anasema nayo ni mbovu. Je, ninunue ya tatu?

JIBU: Usinunue. Kabureta huchanganya hewa na petroli tu; haina cheche wala moto wake. Moto unaouona hapo umetoka ndani ya silinda, ukapita kwenye valvu ya kuingiza na manifoldi (mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda), na kabureta ni mlango tu uliotokea. Maswali ya namna hii hunifikia mara kwa mara, na karibu kila mara kabureta imekwisha kuhukumiwa kabla ya mtu yeyote kushika kipimo.

Ili moto urudi, lazima ukute valvu ya kuingiza ikiwa wazi. Hilo hutokea valvu isipofunga sawasawa, cheche ikipigwa wakati usio wake, au mchanganyiko ukiwa na petroli kidogo mno, ukawaka polepole hata ukawa bado unawaka valvu inapofunguka tena. Ni sababu hii ya mwisho pekee inayoweza kuihusu kabureta, na hata hapo mara nyingi kosa huwa ni hewa inayopenya kwenye gasketi ya manifoldi au kwenye bomba la mpira lililopasuka. Kabureta mpya ikifungwa juu ya gasketi ileile inayovuja, itapiga kama ile ya zamani.

Katika gari lako, neno la maana ni kwamba hali huzidi injini ikipata joto. Upungufu wa petroli kwa kawaida husumbua zaidi injini ikiwa baridi, kwa kuwa sehemu ya petroli hubaki kama matone kwenye kuta za manifoldi isifike kwenye silinda. Tatizo linalozidi kwa joto, tena baada ya valvu kusagwa, linanifanya nishuku kwanza nafasi ya valvu, yaani uwazi mdogo unaoachwa kati ya valvu na kinachoisukuma: valvu iliyosagwa hukaa ndani zaidi kwenye kiti chake, nafasi hupungua, na chuma kikitanuka kwa joto valvu hubaki imeachama kidogo. Mwambie fundi apime nafasi ya kila valvu kwa fila geji (vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia uwazi), kwa kipimo cha mtengenezaji wa injini hiyo na katika hali ya joto au baridi aliyoitaja, kisha apime mgandamizo wa silinda zote nne. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, atie mafuta kidogo ya injini ndani yake na kupima tena: mgandamizo ukipanda, ringi za pistoni zimechoka, usipopanda, valvu ndiyo inayovuja, au gasketi ya kichwa. Baada ya hapo ndipo aangalie taimingi, yaani wakati cheche inapopigwa, kwa taa yake, pamoja na mpangilio wa nyaya za plagi, ambazo hupishana kwa urahisi kichwa kinaporudishwa.

Sasa hizo jeti. Kutanua jeti ndiyo njia ya mkato inayoniudhi kuliko zote, hasa kwa sababu wakati mwingine huonekana kufanya kazi. Mchanganyiko wenye petroli zaidi huwaka haraka zaidi, kwa hiyo mlio hupungua kwa siku chache na fundi husifiwa, ilhali valvu inaendelea kuungua, plagi zinajaa masizi, na petroli isiyoungua inateremka kwenye mafuta ya injini na kuyafanya mepesi. Tundu la jeti hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Waya ukishapita humo, hakuna skrubu itakayolirudisha. Zako zibadilishwe kwa jeti za saizi ya asili kabla ya mtu yeyote kutoa hukumu juu ya mchanganyiko.

Mafundi wa kubahatisha hawaishii kwenye jeti. Wengine huzungusha distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, kwa kusikiliza sauti tu, na wengine huondoa chujio la hewa na kumimina petroli kwa chupa mdomoni mwa kabureta huku mwenzao akipiga stata. Injini inayorudisha moto ikifanyiwa hivyo, mwali hurukia chupa na mkono ulioishika. Boma la chujio la hewa pia huzuia mwali usiruke nje, kwa hiyo gari lenye tatizo hili lisiendeshwe bila chujio hata kwa safari fupi, na asiwepo mtu wa kuchungulia ndani ya kabureta wakati injini inawashwa.