Mwache mtoto ashike chakula mwenyewe

Mtoto akifika miezi sita hapa mtaani Umoja, Nairobi, kila jirani ana ushauri. Utaambiwa usage wimbi, mahindi, soya, njugu na omena (dagaa) pamoja upike uji, na utaambiwa umbane mikono ili kijiko kipite. Mimi nasema mikono iachiliwe. Binti yangu alianza kula kwa kushika chakula mwenyewe, na nikisikia mtoto wa miezi saba akiitwa msumbufu wa chakula kwa sababu anageuza uso, siwezi kunyamaza. Kugeuza uso ndiyo njia yake ya kusema ameshiba.

Kwanza muda. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, halafu vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Lakini kwa mtoto wa kujilisha, kalenda peke yake haitoshi. Mtazame. Shingo imekaza? Anakaa wima ukimshikilia kidogo tu? Akiona kitu anakinyakua na kukifikisha mdomoni? Kama bado, subiri kidogo. Najua likizo ya uzazi kisheria ni miezi 3, na presha ya kurudi kazini ndiyo inayowafanya wengi waanze uji mapema. Maziwa ya kukamua yanaweza kumfikisha.

Anayetajwa sana kwa kueneza mtindo huu ni Gill Rapley, mhudumu wa afya wa Uingereza, ila mtoto kushikishwa kipande cha kiazi kitamu huku mama akiendelea na mapishi si jambo geni kwetu. Kinachohitaji kujulikana ni ukubwa na ulaini. Mtoto wa miezi 6 hushika kwa kiganja kizima, na anachokula ni ile sehemu inayochomoza juu ya ngumi. Kwa hiyo kata kipande kirefu, kinene kama kidole cha mtu mzima. Vipande vidogo vingoje hadi karibu miezi 9, atakapoweza kuokota kwa gumba na kidole cha shahada. Ulaini upime mwenyewe: kibonyeze kati ya vidole viwili, na kisipopondeka kirudishe kwenye sufuria. Malenge, nduma, viazi na matoke vyote vinafaa vikiiva vizuri. Parachichi huteleza mkononi. Liviringishe kwenye unga wa omena na atalishika bila shida.

Huo unga wa omena ndio ninaousisitiza kuliko yote. Akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo hupungua sana kufikia miezi 6, na maziwa ya mama hayana chuma cha kutosha kuijaza. Mtoto anayejilisha ndizi na viazi tu atafurahi, atachafuka, na bado atapungukiwa damu. Kila siku awe na kitu chenye chuma. Omena nanunua soko la Mutindwa. Naondoa vichwa, naosha kwa maji moto mpaka mchanga uishe, nakaanga bila mafuta zikauke kabisa, kisha natwanga na kuchekecha. Unga huo unaingia kwenye ugali laini, kwenye viazi vya kuponda, popote. Maini nayachemsha yaive mpaka ndani, nayakata vipande virefu, mara moja tu kwa wiki kwa sababu yana vitamini A nyingi mno. Ndengu na maharagwe yakipondwa na kufinyangwa kuwa vitonge hushikika vizuri. Yape pamoja na nyanya au chungwa, kwani vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma hicho. Chai usimpe hata kidogo. Inazuia chuma na inajaza tumbo bure.

Mama yangu alipomwona mjukuu na kipande cha nyama mkononi aliniambia, "Mwanangu, huyu atasakamwa." Hofu hiyo ni ya haki, na haiondolewi kwa kubishana. Kuna tofauti ambayo kila anayekaa na mtoto lazima aijue. Mtoto anayekohoa, anayetoa sauti kama anataka kutapika, uso ukiwa mwekundu, anajisaidia mwenyewe. Mwache, usimtie kidole mdomoni, utakisukuma chakula ndani zaidi. Asiyetoa sauti, asiyeweza kulia wala kukohoa, midomo ikianza kuwa samawati, huyo amesakamwa. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini ya kifua, umpige mapigo 5 kwa kiganja kati ya mabega. Kisipotoka mgeuze umbonyeze katikati ya kifua mara 5, urudie hivyo huku mwingine akitafuta usaidizi. Akizimia, anza mara moja kumpa huduma ya moyo na pumzi, yaani kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi.

Utafiti wa New Zealand uliochapishwa 2016 haukuona tofauti ya kusakamwa kati ya watoto waliojilisha, wazazi wao wakiwa wamefundishwa vyakula salama, na wale waliolishwa kwa kawaida. Ila watoto wengi katika makundi yote mawili walikuwa wamepewa vyakula vya hatari. Kwetu hatari ni njugu nzima, bisi, mahindi ya kuchoma, karoti mbichi, zabibu nzima, peremende, na samaki asiyechambuliwa miiba. Njugu zipondwe ziwe laini kabisa, zipakwe kidogo tu. Asali isubiri mwaka mmoja. Chumvi na sukari hazihitajiki. Akae wima kila anapokula, asile akibebwa mgongoni wala kwenye matatu.

Uji sijaufukuza nyumbani. Wa wimbi peke yake, mzito, pamoja na kijiko chake cha kuchezea, ni chakula kizuri. Ule wa unga mchanganyiko ndio nisioutaka: mtoto akitokwa na vipele hutajua ni kipi kimemdhuru.

Mchana mtoto huwa na dada wa kazi, na hapo ndipo mipango mingi huvunjika. Dada huona sahani iliyobaki chakula kama kosa litakalomletea lawama, kwa hiyo anamlazimisha mtoto amalize. Nilimwambia wangu wazi kwamba sitamuuliza mtoto amekula kiasi gani. Nitauliza alipewa nini, na kama walikaa pamoja mpaka mwisho. Tulifanya mazoezi ya yale mapigo ya mgongoni kwa mwanasesere, sote wawili. Kuhusu uchafu, na maji ya mgao yalivyo, natandika leso kuukuu chini, mtoto anakula kifua wazi, na ndoo moja inatutosha. Mikono yake ioshwe kwa sabuni kabla, na mabaki yasirudishwe sufuriani.

Aliyezaliwa kabla ya wakati, au asiyekaza mwili vizuri, aonwe kliniki kabla hujaanza. Wengine wote wapelekwe kupimwa uzito kama kawaida, na kitabu cha kliniki kikionyesha uzito umesimama, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo jinsi mtoto anavyolishwa, na ongeza kijiko huku mkono wake ukiendelea kushika.