Je, wekundu ni rangi iliyoongezewa kitu?

SWALI: Nimenunua kitenge chekundu Kariakoo. Mwenzangu anasema kina sifa mbili: kina rangi, halafu kimeongezewa wekundu. Ni kweli?
Msomaji, Sinza, Dar es Salaam

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Mraba ni pembenne iliyoongezewa masharti: pande sawa, pembe za nyuzi 90. Sasa jaribu kusema wekundu ni rangi pamoja na... nini? Chochote utakachotaja kitakuwa wekundu wenyewe. Mwanamantiki W. E. Johnson wa Cambridge alitenganisha mahusiano haya mawili, ule wa mraba na pembenne na ule wa wekundu na rangi, mwaka 1921, na tofauti hiyo ni ya msingi kabisa.

Kilicho chekundu lazima kiwe na rangi. Chenye rangi nacho lazima kiwe na rangi fulani. Hakuna mzigo wenye uzito tu, usio wa kilo 2, 3 wala kiasi kingine. Tena, sifa za ngazi moja hufukuzana: sehemu ileile haiwezi kuwa nyekundu yote na kijani yote kwa wakati mmoja. Wengi hukosea hapa, wakidhani nyekundu na damu ya mzee nazo hufukuzana. La, damu ya mzee iko ngazi ya chini, ndani ya wekundu.

Usidhani basi sifa ya jumla haina kazi. Kamba inayohimili kilo 50 ikikatwa na mzigo wa kilo 73, maelezo bora ni kwamba uzito ulizidi 50. Kilo 74 nazo zingeikata.