Melina ni nani? Kabla hamjamvika taji ulizeni kwanza ni mwana wa nani

Assalam aleikum wadau. Huu uzi naufuata tangu juzi. Mdau aliyeufungua amesema Melina, yule msichana anayekuongoza kwenye gemu ya Elden Ring, ndiye yule Gloam-Eyed Queen, malkia wa zamani anayetajwa mle kwenye gemu, mia kwa mia, na asiyekubali hajacheza gemu. Kaka, mimi nshaimaliza mara tatu, na nyongeza pia nimemaliza, na nataka kukujibu kwa urefu manake hili jambo nimelala nalo siku nyingi. Ambaye hajafika mwisho asiendelee kusoma, nafichua kila kitu.

Naanza na Solaire wa Dark Souls, gemu ya zamani ya watengenezaji wale wale, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kusoma vizuri maandishi ya vitu vya kwenye gemu. Dark Souls ilitoka 2011, sisi hapa Lamu tuliipata baadaye kwenye chumba kimoja cha gemu Langoni, twalipa kwa saa, watano twagombania kontrola moja. Kila mtu alimpenda Solaire, yule shujaa wa Astora mwenye jua kubwa kifuani, na nadharia ilikuwa moja tu, kwamba huyu ndiye mwana wa kwanza wa mfalme Gwyn, yule mwana aliyekuwa mungu wa vita akafutwa jina. Niliitetea mpaka sauti ikakauka. Na kumbe maandishi yalikuwa pale pale kwenye vazi lake, yasema lile jua halina nguvu yoyote, amelichora mwenyewe kwa mkono wake, na mavazi yake mengine vilevile hayana nguvu ya ajabu, ustadi wake ni wa mazoezi yake mwenyewe. Yaani gemu ilikuwa yatuambia waziwazi huyu ni binadamu aliyejibidiisha, sisi twasoma twapita. 2016 ikaja Dark Souls III, ukipanda kule Archdragon Peak wamkuta mfalme asiye na jina juu ya mgongo wa joka, apiga radi, na ukiisoma roho yake waambiwa alikuwa mungu wa vita muuaji wa majoka, kisha akaacha kila kitu akaenda kuungana nayo. Ikaisha hapo, karibu kila mtu akakubali. Iliniuma wallahi, lakini Solaire nikazidi kumpenda, mtu aliyejichorea jua lake mwenyewe mimi naona ni mkubwa kuliko mwana wa mfalme.

Sasa Melina. Elden Ring ilipotoka Februari 2022 nilikuwa tayari nina PS4 yangu, naicheza nyumbani, na nyanya hukaa pale kwenye mkeka ashona kofia. Siku moja nimepumzika kwenye grace, ile nuru ya kupumzikia kwenye gemu, Melina amejitokeza amekaa, nyanya akainua uso kwenye sindano akaangalia runinga muda kidogo, akauliza, "Mbona ito moya melifumba?" yaani mbona jicho moja amelifumba. Mimi nimecheza saa sijui ngapi, sikuwahi kujiuliza. Lile la kushoto halifunguki, na juu yake pana alama kama ya kucha. Alafu akauliza la pili, "Mwana wa nani?"

Mwenye kukaa Lamu analijua hili swali. Ukimwamkia mzee Mkomani hana haja na jina lako, ataka kujua ni mwana wa nani, akishajua hilo ameshaijua nyumba, mtaa, na hata ile tabia uliyorithi. Mimi naona wengi kwenye huu uzi mmeruka hapa, mmekwenda moja kwa moja kwenye cheo.

Basi ni mwana wa nani? Melina mwenyewe asema alizaliwa chini ya Erdtree, ule mti mkubwa wa dhahabu, kwamba mama yake ndiye aliyempa kazi yake, na kwamba ameungua na hana mwili. Ukifika kwenye makanisa ya Marika, malkia mungu wa dunia ile, ndiye anayekusimulia maneno ya Marika. Kwa miaka miwili watu walibisha huyo mama ni nani. Alafu 21 Juni 2024 ikatoka Shadow of the Erdtree, ile nyongeza ya gemu, na ndani yake yumo Messmer, mwana wa Marika, na ukimshinda wapata kuni zake, ndiyo, kuni, kitu cha kuwashia moto, na maandishi yake yasema Messmer, kama mdogo wake wa kike, alikuwa na maono ya moto. Jina la huyo mdogo halikutajwa. Lakini jamani, ni msichana gani mwengine kwenye hiyo gemu kazi yake ilikuwa kuwa kuni? Melina ndiye ajitoaye kwenye lile jiko la majitu kule juu kwenye theluji ili Erdtree ishike moto! Kwangu mimi nasaba imefungwa, binti Marika, mdogo wake Messmer.

(Wale wa kusema majina yao yaanza na M basi ni ndugu, ati kwa sababu ya herufi za George R. R. Martin, mwandishi aliyesaidia kutunga hadithi ya gemu, hiyo iacheni. Martin mwenyewe alishakanusha kwamba alificha herufi za jina lake mle.)

Tuje kwenye jicho, na hapa mwenye uzi ana haki yake nampa. Huyo Malkia, Gloam-Eyed Queen, hatumuoni popote, twamjua kwa maandishi tu. Alikuwa Empyrean, yaani mtu anayefaa kuja kuwa mungu, aliyeteuliwa na Vidole, wale wajumbe wa mbinguni, akiwaongoza wale Godskin, wauaji wa miungu, na moto wao mweusi ulikuwa waua miungu, mpaka Maliketh, mnyama mlinzi wa Marika, alipomshinda, kile kifo chenyewe, Destined Death, kikafungwa na moto ukapoteza makali. Na hilo jina lake, gloam, ni ile magharibi yetu, jua limeshazama na giza halijatimia, bahari imekuwa kijivu chenye zambarau kwa mbali. Kwa hiyo ni malkia mwenye macho ya magharibi.

Mara ya pili nikaamua kwenda njia ya Frenzied Flame, moto wa wazimu unaounguza dunia yote. Washuka chini kabisa ya Leyndell, mji mkuu wa mle, Melina akusihi usiende, na ule mlango wa mwisho haufunguki mpaka uvue mavazi yote. Nikavua, nikaingia, nikatoka, Melina akaniacha. Nikacheza mpaka mwisho, saa nane za usiku, dunia yote yaungua kwa njano, akatokea, akalifungua lile jicho la kushoto, na stima ikapotea. Nilikaa gizani moyo wapiga. Kesho yake nikarudia bosi wa mwisho ili nione tu sekunde zile, na kweli, jicho ni rangi ile ile ya magharibi, na ahadi yake ni kwamba atakutafuta popote uendapo akuletee kifo chako, na anakitaja kwa jina, Destined Death.

Kwa hiyo ushahidi wa jicho una uzito, siukatai. Ninalokataa ni kurukia kusema ndiye Malkia. Mwasema hana mwili kwa sababu Malkia alishindwa, mbona Ranni, yule mchawi wa mle, pia hana mwili wake na yeye si malkia huyo? Na Maliketh ni kivuli, yaani mlinzi, wa Marika mwenyewe, sasa ikiwa Melina ndiye Malkia basi mama alimtuma mnyama wake ampige bintiye, na hakuna andiko hata moja lisemalo hivyo.

Mwangalieni ndugu yake. Messmer jicho lake moja ni muhuri, mkipigana nusu ya pambano hulitoa kwa vidole na kulisaga, na yule nyoka aliyefungiwa ndani atoka. Nilipoiona mara ya kwanza niliweka kontrola chini. Watoto wawili wa mama mmoja, wote wana moto, na kila mmoja ana jicho moja lililofungwa! Mimi naamini lile la Melina pia ni kufuli, na kilichofungiwa ndani ni sehemu ya nguvu za yule Malkia baada ya kushindwa, imewekwa kwa mtoto kama nyoka alivyowekwa kwa kaka yake. Jicho ni la Malkia, msichana ni wa Marika.

Nyanya nilimwambia yote haya, akaniuliza ni nani aliyemfumba jicho. Hilo sijalipata bado. Sevu yangu moja nimeiacha mbele ya ule mlango chini ya Leyndell, na leo usiku stima ikikaa naingia tena, safari hii narekodi, niiangalie ile alama ya kucha polepole jicho likifunguka, kama inabaki au inafutika. Nikipata nitaiweka hapa hapa.