Gari ya chini huingii, unaikalia

SWALI: Habari dada. Niko na miaka 46, na mwaka huu nimejinunulia ile gari nilikuwa naiota tangu nikiwa fomu tatu, Mazda Roadster ya kufungua paa, milango miwili viti viwili. Gari haina shida, shida ni mimi. Asubuhi nikiingia nagonga kichwa ama goti linakwama chini ya usukani, na jioni nikifika kwangu kushuka ndio vita kabisa, navuta usukani, navuta mlango, kiuno kinalia. Juzi niliteleza nikakaa chini kwa kabro mguu mmoja ukiwa bado ndani ya gari, watoto wa ploti wote wanaangalia. Bibi anasema niuze. Mimi sitaki. Nifanye nini?
Baba wa wawili, South B

JIBU: Usiuze, ndugu yangu. Pole sana kwa kuanguka, na nimefurahi hukuvunjika mkono, maana hivyo ndivyo watu huvunjika, anateleza anaweka kiganja chini.

Shida yako naijua kwa sababu ni ya karibu kila mtu anayetoka kwa Probox ama Fielder akaingia gari ya michezo. Unaingia vile umezoea, mguu kwanza. Kwa Probox inafanya kazi kwa sababu kiti kiko karibu na usawa wa makalio, unatupa mguu mmoja ndani unateleza tu umefika. Kwa Roadster kiti kiko chini ya goti. Ukishaingiza mguu wa kushoto, uzito wako wote unabaki kwa mguu mmoja wa kulia, goti limekunjwa, kiuno kimepinda upande, na bado unainamisha kichwa kipite chini ya paa. Mambo manne kwa sekunde moja, kwa mguu mmoja. Hata kijana wa miaka 20 hapo anayumba, sema yeye mwili unamsamehe.

Nilitaka kuhakikisha kabla sijakujibu, so Jumamosi nikaomba jirani mwenye Roadster anifungulie yake hapo chini kwa besmenti, nikashuka na futi ya fundi wa nguo. Kiti cha meza yangu ya chakula ni sentimita 45 kutoka chini. Ukingo wa kiti cha hiyo gari ulikuwa 34. Hizo 11 ndizo zinaliza magoti yako, ni kama kutoka kwa kiti cha meza uende kwa kile kigoda cha kukatia sukuma wiki, na katikati hapo umewekewa kizingiti cha mlango cha kuruka.

Sasa fanya hivi. Kabla ya kuingia, fungua mlango mpaka mwisho, sio nusu. Sukuma kiti nyuma kabisa, na uzoee kukiacha nyuma kila ukishuka ndio kesho ukikuja kinakungoja. Kama usukani wako unapanda, upandishe. Halafu igeuzie gari mgongo, simama karibu mpaka nyuma ya miguu yako iguse kizingiti. Mkono wa kushoto ushike ile nguzo ya kioo cha mbele, wa kulia utafute mgongo wa kiti. Inamisha kichwa, sukuma makalio nyuma, shuka polepole ukae. Miguu yote miwili bado iko nje, na hivyo ndivyo inatakiwa. Ukishakaa vizuri ndio unageuka na miguu yote pamoja, magoti yakifuatana, kama mtu anageuka kitandani. Mwili unageuka mzima, kiuno hakijisokoti peke yake. Ndio maana huwa nasema gari ya chini huingii, unaikalia.

Na wewe uko na bahati ambayo wengine hawana, paa yako inafunguka. Kama mvua hainyeshi, fungua paa kabla ya kushuka, hiyo kazi yote ya kuinamisha kichwa inaisha, kesho asubuhi unaikalia kama kiti cha sebule halafu unafunga paa ukiwa ndani.

Kukaa kwenyewe, usijiangushe. Viti vya gari kama hizo vina zile kingo za pembeni zimeinuka za kukushika kwa kona, na ukijitupa juu ya ukingo wa kulia kila siku ngozi inachanika na sponji inalala, kwenye gari nyingi za michezo za mitumba ukiangalia hapo tu ndio pameisha, kwingine kote kiti kizima.

Kushuka ni hiyo hiyo kwa kurudi nyuma, lakini hapa ndio watu huumia kwa hivyo niende polepole. Kwanza fungua mkanda na urudishe kiti nyuma. Geuka miguu yote miwili itoke nje ikanyage chini, nyayo nzima sio vidole tu, na uvute miguu karibu na gari. Jisogeze mpaka uwe umekaa kwa ukingo kabisa. Hapo tulia kidogo. Kama umekaa kwa jam ya Mombasa Road saa moja na nusu, damu imelala miguuni, ukiruka juu kwa nguvu kizunguzungu kinakupata ukiwa umeinama, so chezesha vifundo vya miguu mara kadhaa kwanza. Halafu inama mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu. Najua inaonekana kama utaanguka na uso, na ndio maana watu hawafanyi, wanainuka na mgongo umelala nyuma na ndio unaona wanavuta vitu. Ukiinama hivyo uzito unakuja juu ya nyayo, makalio yanainuka yenyewe, mapaja ndio yanasukuma. Mkono mmoja usukume kiti ama kizingiti kwenda chini, mwingine ushike nguzo.

Usivute usukani, na zaidi usivute mlango. Mlango uko kwa bawaba, ukiuvuta unakufuata, na naona hiyo ndiyo ilikuangusha kwa kabro. Kwa zile gari za kupe (coupe, za milango miwili) ambazo kioo cha mlango hakina fremu, ukishika kioo kwa juu unakiharibu pia.

Nyumbani, kaa kwa kiti cha meza uinuke bila mikono mara kumi, kila siku. Ikiwa rahisi tafuta kiti cha chini kidogo. Mapaja yakipata nguvu hii barua utaisahau. Ila kama ni maumivu yanayoshuka mpaka mguuni ama mguu unakufa ganzi, hiyo sio ya kusoma kwa gazeti, enda umwone daktari.

Kitu cha mwisho kwako, wacha haraka. Mashindano ya saa 24 ya Le Mans kule Ufaransa zamani yalikuwa yanaanza madereva wamesimama ng'ambo ya barabara, ishara ikitolewa wanakimbia, wanarukia magari wanaondoka, na wengine walikuwa wanaondoka mkanda haujafungwa. Mwaka 1969 Mbelgiji mmoja, Jacky Ickx, alikataa. Wenzake wakikimbia yeye alitembea, akaingia taratibu, akafunga mkanda, akaondoka wa mwisho. Kwa raundi hiyo ya kwanza dereva mmoja Mwingereza alipata ajali akafa. Ickx na mwenzake Jackie Oliver ndio walishinda, na baada ya saa 24 nzima waliwaacha wa pili kwa kama mita 120 tu. Mwaka uliofuata ule mtindo wa kukimbia ukaondolewa. Na gari aliyoingia taratibu hivyo ni Ford GT40, ile 40 ni inchi za kimo chake kutoka chini mpaka paa, kama mita moja na kidogo. Yako inazidi mita 1.2. Kama yeye alipata muda wa kuingia pole pole mbele ya dunia nzima, hata wewe mbele ya watoto wa ploti utapata.

SWALI: Shikamoo dada. Mama yangu ana miaka 71, alibadilishwa nyonga, sasa ni wiki ya saba. Mwezi ujao mjukuu wake anaoa Limuru, na kaka yangu anasema lazima mama aingie kwa ile gari yake ya sport ndio picha zitoke poa. Mimi naogopa lakini sitaki kuonekana namwonea wivu. Utanisaidia kumwambia?
Kitinda mimba, Buruburu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msomee hii. Kaka, mama asipande hiyo gari. Wengi wakibadilishwa nyonga huambiwa kwa wiki za kwanza wasikunje nyonga kupita pembe ya digrii 90, wasikunje nne, wasijisokote kwa ule mguu. Kiti cha chini hivyo kinafanya magoti yapande juu ya nyonga, yaani kile kile alichokatazwa, na nyonga mpya inaweza kutoka mahali pake. Daktari aliyemfanyia ndiye anajua kama muda wake umefika, sio mpiga picha. Mama apigwe picha akiwa amesimama kando ya gari, bonyeti imefunikwa maua, atapendeza na atarudi nyumbani mzima.

Wala usikimbilie Prado, ile ya kupanda kama ngazi nayo inamsumbua. Tafuta gari ya kawaida ya katikati. Kiti cha mbele, kisukumwe nyuma kabisa na mgongo wake ulazwe kidogo, juu weka mto mgumu. Akae kwanza, ndio ageuke. Mafundi wa viungo wa nchi zingine hupenda kuweka mfuko wa plastiki kwa kiti ndio mtu ageuke kwa urahisi, sisi mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku 2017, kitambaa cha satini kinafanya kazi hiyo hiyo. Akishageuka kitoe kabla gari haijaondoka, kwa sababu kikimtelezesha wakati wa breki anapita chini ya mkanda.

Wewe usimvute kwa mikono wala kwapa. Shika mlango usicheze, na kiganja chako kingine kiweke kwa ukingo wa paa juu ya kichwa chake, akigonga agonge mkono wako. Anavyoinuka ni yeye anajua.

SWALI: Sister, naendesha kupe ya milango miwili na kazini navaa sketi. Wiki jana nimepaki kando ya barabara, nafungua mlango hivi, nduthi imepita imenikosa kwa nywele. Bado natetemeka. Nitajikinga aje?
Wa Kilimani

JIBU: Pole mpenzi, na tushukuru Mungu. Huku kwetu dereva anakaa kulia na tunaendesha kushoto, so ukipaki kando ya barabara mlango wako unafungukia magari. Na mlango wa kupe ni mrefu kuliko wa gari ya milango minne, ukiufungua unachukua barabara. Anza leo kufungua kwa mkono wa kushoto, ule wa mbali na mlango. Jaribu ukiwa umekaa hapo, utaona bega linageuka lenyewe na macho yanapita kioo cha pembeni mpaka nyuma. Uingereza waliliweka hilo kwa kitabu chao cha sheria za barabara Januari 2022. Fungua ufa kidogo, angalia tena, ndio ufungue wote. Ukiwa chini hivyo kwa gari, mtu wa nduthi hakuoni ukiwa ndani, ataona tu mlango.

Sketi, ni ile nimemwambia Baba wa wawili hapo juu, kaa kwanza, magoti pamoja, geuka. Hakuna njia nyingine ya heshima na hakuna iliyo salama zaidi.

Na abiria wako wa kushoto, usimbane na ukingo wa barabara. Akikanyaga pale juu, kiti kinazidi kuwa chini kwake, magoti yanamfika kidevuni, na mlango wenyewe unakwaruza simiti. Acha nafasi akanyage lami kwanza ndio apande. Na kama hapo kando ni mtaro wazi, mshushe kabla hujapaki.