Maswali yenu kuhusu watoto wenye selimundu

Maswali mengi safari hii yametoka kwenye familia zinazolea watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengine mnaita sikoseli. Nayajibu moja moja.

Mwanangu ana miaka 6, akishikwa analia miguu inauma, ila nikimwekea katuni ananyamaza. Bibi yake anasema anadeka. Ni kweli anaumwa?

Anaumwa mama, tena sana. Chembe zake nyekundu za damu zinapinda zinakuwa kama mundu, zinaziba mishipa midogo, mfupa unakosa oksijeni ndo unauma hivyo, na mara nyingi kwa nje huoni kitu chochote. Katuni imemhamisha mawazo tu, maumivu yapo pale pale. Na usiache hiyo katuni, wala hadithi, wala kupuliza mapovu ya sabuni ambayo yanamfanya avute pumzi ndefu, hivyo vyote vinasaidia kweli ila viende pamoja na dawa. Mchoree nyuso kuanzia anayecheka mpaka anayelia, akuonyeshe kwa kidole yeye yuko wapi, halafu andika kwenye daftari siku, saa, panapouma na ulichompa, daktari atalipenda sana hilo daftari. Bibi naye muende naye kliniki siku moja akasikie mwenyewe, naomba sana hili lisipuuzwe, maana mtoto asipoaminiwa nyumbani anajifunza kukaa kimya na siku anakuja kusema hali imeshakuwa mbaya.

Akishikwa usiku nianze na nini?

Maji ya kunywa kwa wingi, kitambaa cha maji ya uvuguvugu panapouma (barafu hapana, baridi inabana mishipa), na parasetamo kulingana na uzito wake. Ibuprofeni ni mpaka daktari wake awe ameshawaruhusu, maana inaweza kusumbua figo, na aspirini usimpe. Ila homa ikifika 38.5 usikae nayo nyumbani hata kama mtoto anacheza. Akipumua kwa shida, kifua kikiuma, akilegea upande mmoja, au tumbo likavimba ghafla na amepauka, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo usisubiri kukuche. Na wakimpa mofini, dawa kali ya maumivu, msiogope kwamba atakuwa teja, maumivu haya yanaihitaji na wao wanapima dozi.

Nina miaka 16, namezeshwa haidroksiyurea na mwaka mzima sijashikwa, nimechoka, naweza kuacha?

Mdogo wangu kuchoka kumeza dawa kila siku nakuelewa kabisa. Ila inawezekana sana hujashikwa kwa sababu unameza. Hiyo dawa inaongeza hemoglobini (kinachobeba oksijeni kwenye damu) ya aina ile uliyokuwa nayo ukiwa tumboni na uchanga, ambayo inazuia chembe zisipinde, ukiacha inashuka tena taratibu. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo na Angola, majibu yakatoka 2019, ulionyesha watoto wanaoitumia walipungukiwa maumivu, maambukizi, hata malaria na vifo. Kwa hiyo usiache kimya kimya, mwambie daktari umechoka, na mwombe uongee naye dakika chache bila mzazi, una haki ya kuomba hivyo. Kuna mambo vijana wanaona aibu kuyasema mbele ya mama, mfano uume kusimama wenyewe na kuuma, hiyo inatokana na selimundu hii hii na ikizidi masaa mawili nenda hospitali hata kama ni usiku wa manane, ukichelewa inaweza kuharibu kabisa.

Mimi ni mwalimu. Mwanafunzi wangu mwenye selimundu anaomba chooni kila saa, nahisi anakwepa kipindi.

Hakwepi, mwalimu. Figo zao zinashindwa kubakiza maji mwilini na wakati huo huo anatakiwa anywe sana, mruhusu, na chupa yake ya maji ikae mezani. Michezo acheze ila apumzike akichoka. Kumsimamisha juani au kumlowanisha kwa maji baridi kunaweza kumlaza wodini.

Tuna mmoja mwenye selimundu, tukizaa tena je?

Kama nyote wawili ni wabebaji, yaani mna kirithi cha selimundu ila wenyewe hamuumwi, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuzaliwa na selimundu, hata kama wa kwanza ameshapata. Atakayezaliwa mpimeni mapema, akikutwa nayo anaanzishiwa penisilini akiwa bado mchanga na anaendelea nayo mpaka walau miaka 5.