Baridi ya Juni haiui mzeituni wako, maji ndiyo yanaua

Jana dada mmoja wa Moshi kanitumia meseji na picha, mzeituni wake wa kwenye chungu majani yamekuwa ya njano yanapukutika, anauliza auingize sebuleni usipigwe na baridi. Dada yangu, usiuingize! Na wewe unayesoma najua unao wako hapo barazani, maana siku hizi kila mtu anautaka, kwa hiyo sikiliza vizuri.

Mwaka juzi hoteli moja hapa Arusha ilichukua miti kwangu, miti niliyoilea mwenyewe tangu ni vijiti. Mtu wao wa bustani nikamwambia kabisa, kipindi cha baridi maji kidogo sana. Juni ikaingia, ukungu, manyunyu, jua hulioni wiki nzima, na jamaa anamwagilia kila asubuhi kama mchicha. Majani yakaanza kudondoka, akaongeza maji. Mwisho wake naambiwa nimewauzia miti mibovu, mbele ya wafanyakazi wote, na hela iliyobaki sijapewa mpaka leo. Iliniuma na bado inaniuma. Nikaibeba kwa kirikuu mpaka Njiro, kuitoa kwenye vyungu mizizi ya kahawia, laini, inanuka. Nikakata iliyooza, nikapanda upya kwenye udongo mkavu wenye changarawe nyingi, na jua liliporudi Septemba mingi ikachipua. Sasa hivi inapendeza kuliko siku ile wanaichukua, na siiuzi kwa bei yoyote.

Mzeituni ni mti wa Hispania, Ugiriki, Palestina huko, ukishakomaa unavumilia hata digrii kama 7 chini ya sifuri, sisi usiku wa Julai ni kama 12 tu. Tena huo ubaridi ndio unaouandaa kutoa maua. Shida ni kwamba mawingu yakitanda mti unakunywa kidogo, udongo unabaki umeloa, mizizi inakosa hewa inaoza, halafu kwa juu unaonekana una kiu kumbe maji yamezidi, na mwenye mti kwa huruma anaongeza ndoo nyingine. Jamani, huruma bila kuangalia udongo ni kuua!

Chomeka kidole kwanza, ukikuta unyevu acha. Toa kisahani cha chini, nyanyua chungu juu ya matofali maji yatoke. Mbolea na kupogoa, subiri Septemba. Na kitu ambacho watu hawakifikirii, Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo weka chungu upande wa nyumba unaotazama mlima, Meru kwa sisi wa Arusha, Kilimanjaro kwa wa Moshi. Sebuleni hakuna mwanga wa kuutosha.

Kwa hiyo dada, leo hii uchomoe taratibu uangalie mizizi. Ikiwa migumu na myeupe, acha tu kumwagilia mpaka udongo ukauke. Ikiwa laini, kata, badilisha udongo, halafu nitumie picha nyingine.